Maji Katika Barakoa ya Kulalia: Baridi ya Kitale na Mashine ya Mzee



Wapenzi wasomaji, safu yetu ya afya ya familia juma hili inajibu swali lililotufikia kutoka mbali na bahari. Dada yetu mmoja aliyeolewa bara, na nyumba yake ipo mtaa wa Kipsongo mjini Kitale, anamtunza baba mkwe wake. Mzee huyo ameishi Mombasa takriban umri wake wote. Daktari alipomgundua kuwa pumzi zake hukatika usingizini, alimwandikia mashine ya kulalia, ile ijulikanayo hospitalini kwa herufi CPAP: kisanduku kidogo cha umeme kinachosukuma hewa kupitia mpira mrefu hadi kwenye barakoa ya puani. Alipokuwa Mombasa, mashine haikumpa taabu. Alipohamia Kitale kukaa na mwanawe, mambo yaligeuka. Ifikapo saa tisa za usiku mpira huanza kutoa mlio wa maji yabubujikayo, kisha matone ya baridi humwingia puani, naye hushtuka akikohoa.

Sasa mzee amekataa kuivaa. Jirani mmoja amesema mashine imeharibika. Mwingine ameshauri jiko la makaa liingizwe chumbani ili hewa ipate joto. Dada yetu anauliza: afuate ushauri upi?

Jibu letu ni kwamba asifuate hata mmoja. Inavyoelekea, mashine hiyo ni nzima. Maji anayoyaona ni kazi ya baridi, na dawa yake ni kuilinda njia ya hewa isipoe, jambo ambalo familia inaweza kulifanya nyumbani kwa gharama ndogo. Ama jiko la makaa chumbani, hilo ni hatari kubwa kuliko maradhi yenyewe, nasi tutalieleza kwa urefu. Tunalijibu swali hili mbele ya wasomaji wote kwa sababu familia nyingi za pwani zina wazee na watoto wao bara, na kwa sababu tatizo hili huzuka hata Mombasa kwenyewe, katika vyumba vyenye kiyoyozi.

Kwa nini mashine isiachwe

Kwanza tufahamu kinachotibiwa. Mtu alalapo, misuli ya koo hulegea. Kwa baadhi ya watu hulegea kupita kiasi, njia ya hewa ikajifunga, na pumzi ikakatika kwa sekunde kumi au zaidi. Ubongo humshtua, akavuta hewa kwa kishindo, akarudi usingizini bila kujua. Jambo hilo huweza kujirudia makumi ya mara kwa saa moja. Asubuhi mtu huamka amechoka na kichwa kinamuuma, na mchana husinzia hata akiwa kwenye usukani. Maradhi haya yakiachwa bila tiba huandamana na shinikizo la juu la damu, na huongeza hatari ya maradhi ya moyo na kiharusi.

Daktari Colin Sullivan na wenzake wa Sydney, Australia, walitangaza mwaka 1981 kwamba hewa ikisukumwa puani kwa nguvu ndogo isiyokatika huizuia njia ya koo isijifunge. Ndiyo kazi ya mashine hizi hadi leo. Haimpi mtu dawa wala haitengenezi oksijeni. Huchukua hewa iliyomo chumbani, ikaichuja vumbi, ikaisukuma. Kwa hivyo faida yake hupatikana usiku inapovaliwa tu. Mzee aliyeiacha wiki mbili kwa sababu ya matone amerudi katika hali ile ile aliyokuwa nayo kabla ya kwenda hospitali, ingawa mchana anaonekana mzima.

Akina dada nao wasidhani kuwa haya ni maradhi ya wanaume peke yao. Wanawake huyapata, na uwezekano wake huongezeka baada ya kukoma hedhi. Aghalabu huyaficha kwa kuona aibu ya kukoroma.

Maji hayo hutoka wapi

Pua ina kazi ya kuipasha hewa joto na kuitia unyevu kabla haijafika mapafuni. Hewa inayosukumwa na mashine hupita kwa wingi kiasi cha kuikausha pua, na ndiyo sababu mashine nyingi zimeunganishwa na chombo cha maji chenye kupashwa joto. Hewa hupita juu ya maji hayo, ikabeba mvuke, ikaenda nao kwenye mpira.

Hapa ndipo Kitale inapotofautiana na Mombasa. Hewa yenye joto hubeba mvuke mwingi. Hewa ya baridi hubeba kidogo. Hewa ya nyuzi 30 za Selsiasi huweza kubeba gramu 30 hivi za maji katika kila mita moja ya ujazo. Ikipoa hadi nyuzi 20 hubeba gramu 17 tu. Ikipoa hadi nyuzi 12 hubeba zisizozidi 11. Mvuke uliozidi hauna pa kukaa, kwa hivyo hugeuka maji palepale hewa inapogusa kitu baridi.

Hakuna mama wa nyumbani asiyeijua hali hii. Funua chungu cha wali, utaona matone chini ya kifuniko. Tia sharubati ya baridi katika bilauri siku ya joto la pwani, nje ya bilauri hulowa. Na dada zetu walioko bara wanalijua bati la nyumba linavyotoa jasho alfajiri, likawadondokea waliolala. Mpira wa mashine ni kifuniko cha chungu kilichorefushwa: ndani umejaa hewa ya joto yenye mvuke, nje umezungukwa na baridi.

Mombasa ipo usawa wa bahari, na usiku wake ni wa joto kwa sehemu kubwa ya mwaka. Hewa ya chumbani haitofautiani sana na ile iliyomo katika mpira. Kitale ipo baina ya Mlima Elgon na vilima vya Cherangani, takriban mita 1,900 juu ya bahari, na usiku baridi hushuka hadi nyuzi 12 au chini yake. Nyumba nyingi za Kipsongo zimeezekwa bati, na bati lisilo na dari hupoa mara jua linapozama. Hata Bungoma, isiyo mbali na hapo, ina usiku wenye joto zaidi kidogo kwa kuwa ipo chini, karibu mita 1,400. Mzee amehama na mashine yake ikiwa imepangwa kwa hewa ya Mombasa, kumbe chumba anacholala sasa ni kingine kabisa.

Tuongeze jambo moja linalosahauliwa. Pumzi tunazozitoa nazo zina joto na mvuke. Kwa hivyo, hata chombo cha maji kikiwa kikavu, barakoa baridi huweza kupata umande wa pumzi. Ikiwa matone yapo ndani ya barakoa tu na mpira ni mkavu, huo ni umande wa pumzi. Ikiwa mpira unabubujika, hayo ni maji ya chombo. Dada yetu aangalie kwanza ni lipi kati ya mawili.

Hatua za kufuata, moja baada ya nyingine

Tunashauri zifuatwe kwa mpangilio huu, na kila mabadiliko yapewe usiku mbili au tatu kabla ya kufanywa mengine. Mwenye kubadilisha mambo matatu kwa usiku mmoja hatajua lipi lililomfaa.

Ya kwanza ni mahali pa mashine. Iwekwe juu ya kigoda au meza fupi, chini ya usawa wa godoro. Maji yakifanyika ndani ya mpira, yatateremka kurudi kwenye chombo badala ya kuteremkia puani. Isiwekwe sakafuni penye vumbi, wala juu ya kabati lililoinuka kuliko kichwa cha mgonjwa. Mpira nao usilegee ukafanya bonde katikati, kwa kuwa maji hukusanyika bondeni, na hewa inapoyapitia ndipo husikika ule mlio. Baadhi ya watu hufunga kamba laini ukutani, juu ya kichwa cha kitanda, ikaushika mpira upande mmoja.

Ya pili ni kuuvisha mpira. Hapa ndipo mikono ya dada zetu ina kazi njema. Chukua kitambaa kizito, kama kipande cha blanketi la zamani, ukishone kiwe mfuko mrefu mwembamba wa kuupitisha mpira kuanzia kwenye mashine hadi karibu na barakoa. Leso peke yake ni nyepesi, lakini mbili zikishonwa pamoja na pamba kati yake husaidia. Sehemu ya mpira iliyo kitandani huweza kupita chini ya blanketi la mzee, ikapata joto la mwili wake. Ila mambo mawili yazingatiwe. Barakoa ina vitundu vidogo vya kutolea pumzi chafu, na vitundu hivyo visifunikwe kamwe. Mashine nayo ina mlango wa kuingizia hewa wenye chujio. Usizibwe na pazia, shuka wala mfuko huo. Na ikiwa mpira ni wa aina yenye waya wa joto ndani yake, kisomwe kwanza kijitabu cha mashine kabla ya kuufunika.

Ya tatu ni kupunguza unyevu. Mashine huwa na kipimo cha unyevu chenye namba. Baadhi huishia 5 na nyingine 8. Kishushwe ngazi moja tu, kisha ingojwe usiku mbili au tatu. Mlio ukikoma na pua ya mzee haikauki, basi hapo ndipo pake. Mlio ukiendelea, kishushwe tena. Tunasisitiza hapa tofauti ambayo familia nyingi haziijui: kipimo cha unyevu ni cha kumpa mgonjwa raha, na aghalabu huruhusiwa kukibadilisha nyumbani, kipimo cha nguvu ya hewa ni tiba iliyoandikwa na daktari, hakiguswi na mtu mwingine. Vilevile dada yetu amuulize aliyewauzia iwapo mashine hiyo hujirekebisha yenyewe kwa mwinuko wa nchi. Nyingi za sasa hufanya hivyo; baadhi ya zile za zamani huhitaji kupangwa upya mtu anapohamia nyanda za juu.

Ya nne ni mpira wenye joto, kwa wenye uwezo. Mpira huu una waya mwembamba unaoipasha hewa njia nzima, isipoe kabla ya kufika puani. Ndio suluhisho thabiti zaidi kwa nchi ya baridi, kwa kuwa huuwezesha unyevu kubaki juu bila kugeuka maji. Lakini si kila mpira huingia katika kila mashine, kwa hivyo anayeununua aende na jina na namba ya mashine yake. Watoto walioko Ghuba au Ulaya wanaotaka kuwatumia wazazi zawadi waulize jambo hilo kwanza.

Ya tano ni chumba chenyewe. Kitanda kisogezwe mbali na dirisha na ukuta wa nje. Nyufa zinazopitisha upepo zizibwe, pazia zito litundikwe, na ikiwezekana dari ya mbao au hata ya turubai itiwe chini ya bati. Kwa ndugu zetu wa Mombasa wanaolala na kiyoyozi, chumba chenu mmekigeuza Kitale kwa mikono yenu. Elekezeni upepo wake mbali na mpira, au mpunguze makali ya baridi.

Na mzee anapoamka usiku kwa haja au kwa sala ya tahajjud, azime mashine kabla ya kuvua barakoa. Hewa iliyobaki katika mpira hupoa haraka. Arudipo kitandani, mpira uning'inizwe na kukung'utwa maji yatoke, ndipo avae tena.

Jiko la makaa lisiingie chumbani

Sasa tuzungumzie ushauri wa jirani. Tunajua aliutoa kwa nia njema, kwani baridi ya Kitale ina makali, na jiko la makaa ndilo lililo karibu. Lakini makaa yakiwaka katika chumba kilichofungwa hutoa gesi ya sumu iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu, na makaa mekundu yasiyo na moshi huitoa vilevile. Huingia katika damu ikachukua nafasi ya oksijeni, na aliyelala hana cha kumwamsha. Kila msimu wa baridi tunasikia misiba ya namna hii, familia nzima ikikutwa asubuhi haina uhai. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Asidhani mtu kwamba mashine itamkinga. Tulisema kuwa huchukua hewa iliyomo chumbani na kuisukuma. Chujio lake huzuia vumbi. Gesi hupita moja kwa moja. Mwenye mashine atavuta sumu ile ile wanayoivuta wenziwe. Hukumu hii ni moja kwa jiko la makaa, jiko la mafuta ya taa, na jenereta inayowashwa ndani au kando ya dirisha stima inapopotea. Mzee akihisi baridi, aongezewe blanketi, soksi, na chupa ya maji moto iliyofungwa vizuri na kuviringishwa taulo. Mpira ulioshonewa mfuko hauhitaji jiko.

Kwa jambo jepesi kuliko hilo lakini la asili moja, chetezo cha udi na ubani nacho kisifukizwe chumba anacholala mwenye mashine, karibu na wakati wa kulala. Moshi hulichafua chujio na kumkera mgonjwa kooni. Kifukizwe mapema, madirisha yafunguliwe, kisha chumba kifungwe hewa ikiwa safi.

Maji yanayotiwa katika chombo

Matone yanayofika puani yanapaswa kuwa safi, ndiyo maana usafi wa chombo ni sehemu ya jambo hili. Maji yanayopendekezwa ni yale yaliyotoneshwa, yaani yaliyogeuzwa mvuke na kurudishwa kuwa maji bila chumvichumvi. Yaulizwe katika duka la dawa. Tunaonya juu ya maji ya betri yauzwayo gereji: hayakutengenezwa kwa ajili ya pumzi ya binadamu, na chupa zake hukaa pamoja na tindikali.

Yakikosekana yaliyotoneshwa, maji yachemshwe na kuachwa yapoe, yakiwa ya kusaidia kwa muda. Kitale maji huchemka yakiwa na joto la nyuzi 94 hivi badala ya 100, kwa sababu ya mwinuko. Kwa hivyo yaachwe yatokote dakika tatu kamili. Kuchemsha huua vijidudu lakini hakuondoi chokaa, na ukoko mweupe utaonekana chini ya chombo. Kila asubuhi maji yaliyobaki yamwagwe, chombo kioshwe kwa sabuni laini, kisuuzwe na kukaushwa. Mara moja kwa wiki kilowekwe katika siki nyeupe iliyozimuliwa, sehemu moja ya siki kwa sehemu tisa za maji, kisha kisuuzwe sana. Mpira nao uoshwe kila wiki na kutundikwa ukauke, mahali pasipo jua kali.

Yasitiwe marashi, maji ya mawaridi, mafuta ya mkaratusi wala dawa ya kusafishia nguo. Wapo waliotuuliza kuhusu maji ya Zamzam. Zamzam yana madini mengi, nayo hunywewa kwa dua. Kuyatia katika chombo ni kukijaza ukoko. Mzee ayanywe kabla ya kulala, na chombo kitiwe maji yake.

Maji yasizidi mstari uliochorwa. Mashine isibebwe wala kuinamishwa ikiwa na maji, kwa kuwa yakiingia kwenye mota ndipo itakapoharibika kwa kweli.

Unyevu ukipungua mno

Tahadhari na upande wa pili pia. Wako ambao baada ya kusumbuliwa na matone huondoa maji kabisa. Kitale miezi ya Desemba hadi Februari mvua hupungua, na hewa huwa baridi na kavu pamoja. Pua ikikauka huziba, mdomo hufunguka, koo huwasha, na huenda damu ikatoka puani. Mgonjwa huiacha mashine kwa ukavu kama alivyotaka kuiacha kwa maji. Dalili hizo zikitokea, unyevu uongezwe ngazi moja, na mfuko wa mpira ubaki palepale. Kwa ufupi, mlio na matone huashiria kwamba njia ya hewa ni baridi au unyevu umezidi. Ukavu na damu huashiria kwamba umepungua.

Mzee akirudi Mombasa kwa Idi au harusi, kipimo kirekebishwe kulingana na joto la huko. Tunashauri dada yetu aandike katika kijidaftari namba iliyomfaa Kitale na iliyomfaa Mombasa, ili asianze upya kila safari.

Stima ikipotea na mashine ikizimika, barakoa ivuliwe, kwa kuwa hewa safi haiingii tena. Wenye betri ya akiba wafahamu kwamba kupasha maji joto hula umeme mwingi. Wamuulize aliyewauzia jinsi ya kuzima joto hilo ili betri ifike asubuhi.

Ibada na heshima nyumbani

Wasomaji huuliza kuhusu udhu. Uso uliotoka kutawadhwa ukaushwe vizuri kabla ya barakoa kuvaliwa, ndevu pia, maana ngozi yenye maji huifanya iteleze na huongeza unyevu ndani. Mafuta ya nazi yasipakwe usoni wakati huo. Hulainisha ule mpira wa barakoa na kuuharibu. Akina mama wanaofunga mtandio usiku wahakikishe mikanda ya barakoa imekaa juu ya nywele au kitambaa laini bila kukunjamana, hewa isivuje kuelekea machoni.

Katika Ramadhani, matumizi ya usiku hayana mushkili kwa funga. Anayehitaji kulala nayo mchana, amuulize sheikh anayemwamini, amweleze kuwa ni hewa yenye mvuke, na amshirikishe daktari. Asiamue peke yake kuiacha.

Mwisho tuseme neno kwa kina kaka. Kumvisha mzee barakoa, kumfuta uso na kumwamsha usiku ni kazi ya karibu sana. Mkwe anaifanya kwa mapenzi, lakini mzee huona haya, na mara nyingine haya hiyo ndiyo inayomfanya aikatae mashine huku akisingizia maji. Mwana wa kiume ndiye mwenye kustahili kukaa na babaye wakati wa kulala, akaupanga mpira, akasoma namba, akamsikiliza. Mkewe ameshona mfuko na ameosha chombo. Hilo ni tosha, na ni ihsani kubwa.

Mzee akipata homa, kikohozi kisichoisha, kidonda puani panapokaa barakoa, damu ya mara kwa mara, au akiendelea kusinzia mchana ingawa anaivaa kila usiku, apelekwe kwa daktari. Mashine nayo ibebwe, kwani aghalabu huhifadhi kumbukumbu za kila usiku ambazo daktari huweza kuzisoma. Mengine yote tuliyoyataja yapo ndani ya uwezo wenu: kigoda, kipande cha blanketi, sindano na uzi, na subira ya usiku kadhaa.

Tunamwomba Allah awaponye wagonjwa wetu na awalipe kheri wanaowatunza. Wabillahi tawfiq.